Haya, Aibu na Mlango wa Kliniki

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kana kwamba ni pacha: haya na aibu. Mimi niliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi sikubali kwamba ni pacha. Haya imo ndani ya mtu, nayo humzuia kabla hajatenda. Aibu hutoka nje, huletwa na macho ya watu, na huja baada ya jambo kutendeka. Twasema fulani ana haya, tukimsifu. Twasema fulani ameaibika, tukimsikitikia au tukimcheka. Haya huweza kumlinda binti. Aibu haiwezi kumlinda na kitu chochote, maana imefika kwa kuchelewa. Kazi pekee iliyobaki nayo ni kumfanya ajifiche.

Nimeanza na somo hili dogo la lugha kwa sababu nataka kuzungumza juu ya wasichana wetu wanaopata mimba wakiwa bado watoto, na hasa juu ya safari yao ya kwenda kliniki. Kwa wengi wao safari hiyo huanza ikiwa imechelewa, na kwa baadhi haianzi kabisa. Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwetu mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 19, wasichana 22 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Utafiti wa 2015 na 2016 ulikuwa umetaja 27. Tumesogea, namshukuru Mungu, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano, na sidhani kama yupo msomaji wa kitabu hiki asiye na mmoja wao katika ukoo wake au katika mtaa wake.

Swali linalonisumbua si jinsi ya kuzizuia mimba hizo. Hilo limeandikwa sana na wenye ujuzi kunishinda. Swali langu ni hili: mimba ikiwa imekwisha kuingia, je, msaada tunaompa binti huyo ni haki yake, au ni zawadi ya mwenendo mwema ambayo yeye ameipoteza? Tukiulizwa hadharani sote tutajibu kwamba ni haki yake. Lakini msomaji, tazama tunavyotenda.

Hebu kwanza tufanye hesabu, maana mwalimu hawezi kwenda mbali bila hesabu. Mimba huchukua majuma 40 hivi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na wahudumu wa afya si chini ya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kwisha. Haya si mapambo. Katika siku ile ya kwanza hupimwa damu, kaswende, virusi vya Ukimwi na shinikizo la damu, na huanza kupewa vidonge vya kuongeza damu. Dawa ya kukinga malaria huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza na hurudiwa kwa vipindi. Sindano za pepopunda, kwa yule ambaye hakuwahi kuchanjwa, ni mbili kwa uchache. Ya pili hutolewa si chini ya majuma 4 baada ya ile ya kwanza, na inapasa iwe imepita majuma 2 kabla ya kujifungua. Sasa mchukue binti aliyejifunga kanga tumboni hadi mwezi wa nane. Hata akihudhuria kila siku kuanzia hapo, hawezi kuyarudisha majuma yaliyopita. Kaswende ambayo ingetibiwa kwa penisilini mwezi wa tatu imekwisha kukaa na mtoto miezi mitano. Damu iliyopungua haijai kwa wiki mbili. Aibu, kwa maneno mengine, hulipwa kwa majuma, na mwenye kulipa ni mwili wa mtoto aliyebeba mtoto.

Na mwili huo una hatari zake. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na wasichana wadogo wamo katika hatari kubwa kuliko wanawake wa miaka ishirini na kidogo. Nyonga ya msichana wa miaka 13 au 14 bado inakua. Kichwa cha mtoto kikikwama humo kwa siku mbili tatu bila upasuaji, mtoto hufa, na mama akinusurika huenda akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kizuizi. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na ile ya Bugando Mwanza zimewashona wanawake wengi wenye jeraha hilo. Na katika mkasa huo anayefika mapema hospitalini ana nafasi nzuri, na anayejificha hana.

Sasa nakuomba uwaweke mbele yako wasichana wawili, wote wa miaka 15, wote mimba ya kwanza. Mmoja ameolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu jambo hilo kwa idhini ya wazazi, hata Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Mwingine hakuolewa. Yule wa kwanza huenda kliniki amejitanda kanga mpya, mama mkwe yuko pembeni, watu njiani wanamsalimu na kumpisha. Yule wa pili hupita njia ya mtoni ili asikutane na mtu. Nyonga zao ni zile zile. Damu yao ni ile ile. Hatari ya kifafa haijui kama mahari ilitolewa au la. Basi ile heshima tuliyompa wa kwanza hatukumpa yeye, tulimpa mwanamume aliye nyuma yake. Na yule wa pili tumemnyima huduma kwa kukosa kitu ambacho mwili wake haukihitaji hata kidogo ili ujifungue salama.

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi, miaka miwili tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Wakati ule wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wakubwa kuliko wa leo, na mmoja wao, msichana hodari wa kuandika insha, aliondolewa shuleni. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo ilivyokuwa nchi nzima. Mama yake alimhamishia shambani, kwenye kibanda cha kulindia mahindi, ili watu wasahau. Wanawake waliopita huko kuchanja kuni walisema ananenepa, uso umemjaa na miguu pia. Walisema hivyo kwa kufurahi, kwamba angalau anakula. Mwezi wa nane alianza kutupwa chini na degedege. Wazee wakasema ni shetani wa mtoni, wakatafuta mganga wa kupunga. Tulimzika Jumamosi, yeye na mtoto wake tumboni. Mganga wa zahanati, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, aliniambia tukiwa tunarudi kutoka makaburini kwamba ule uvimbe ulikuwa unasema tangu mwezi wa saba, na zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu.

Katika takwimu za shule zetu, fomu za wanaoacha masomo zina safu za sababu: utoro, mimba, kifo. Nimezijaza mara nyingi. Kila mwanafunzi huhesabiwa katika safu moja tu. Yule msichana alikwisha kuhesabiwa katika safu ya mimba, kwa hiyo katika safu ya kifo hakuonekana.

Miaka mingi baadaye nilipokuwa mkuu wa shule ya sekondari, kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja kosa dhidi ya maadili kuwa sababu ya kumwondoa mwanafunzi, na mimba ilihesabiwa humo. Zilikuwa kanuni za nchi nami nilizifuata. Lakini kanuni ilinitaka nimwondoe binti darasani; haikunitaka nimwondoe duniani. Kila ilipotokea nilimwita mama au shangazi, nikampa maelezo ya kupeleka kituo cha afya, na nikamwomba mwalimu wa malezi aulizie baada ya wiki mbili kama walikwenda. Baadhi ya wenzangu waliniona nafanya kazi isiyo yangu. Baadaye, mwezi wa Juni 2017, Rais John Magufuli alitangaza kwamba binti aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Na mwezi wa Novemba 2021, wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ikaruhusu warudi. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyoweza kumtia gerezani mwanamke asiye na mume kwa kupata mimba, nayo ilibadilishwa mwaka 2005. Sitaki kuzijadili siasa zake. Nataka msomaji aone kitu kimoja tu kilichokuwa ndani ya mambo haya, ambacho sisi walimu tulikiona kwa macho na ambacho hakikuandikwa katika kanuni yoyote.

Katika shule nyingi wasichana walipimwa mimba. Mara moja au mbili kwa mwaka alikuja muuguzi kutoka kituo cha karibu, wasichana wakapangwa mstari nje ya ofisi, wakaingia mmoja mmoja, wakaminywa tumbo au wakatoa mkojo. Majibu hayakupewa binti. Yalipewa mkuu wa shule. Fikiri, msomaji, ni somo gani lililofundishwa pale, na lilivyoeleweka vizuri kuliko masomo yangu yote ya sarufi. Msichana wa miaka 14 alijifunza kwamba mwanamke mwenye gauni jeupe ni mpelelezi. Alijifunza kwamba mikono ile inayopapasa tumbo inatafuta ushahidi. Halafu siku mimba inapomwingia kweli tunamwambia, nenda kwa mwanamke yule yule, mweleze siri yako, atakusaidia. Atamwaminije? Tukishangaa kwamba wanakuja mwezi wa saba, tunashangazwa na mavuno ya mbegu ambayo tuliipanda wenyewe mstarini.

Nina rafiki, mwalimu mstaafu kama mimi na mwalimu wa dini pia, ambaye hunywa naye kahawa jioni. Yeye hakubaliani nami, na kwa kuwa ni mtu mwenye akili nitaeleza hoja yake bila kuipunguza. Husema hivi: jamii isiyokuwa na aibu haina mipaka. Ukimpokea huyu kwa tabasamu, ukampa kiti, chandarua na vidonge, wale wadogo zake wanaotazama wataona kwamba hakuna lililoharibika. "Wewe unamhurumia mmoja aliyekwisha kuanguka," huniambia, "mimi nawahurumia kumi ambao bado wamesimama."

Hoja hiyo si ya kupuuza. Sisi walimu tunajua kwamba watoto hujifunza kwa kutazama yanayowapata wenzao. Lakini nilimuuliza: hao kumi wanatazama nini hasa? Mtoto wa miaka 14 haogopi upungufu wa damu asioujua. Anachokiona ni kwamba fulani alijulikana, akadhalilishwa. Kwa hiyo fundisho analolipata ni usijulikane, wala si usifanye. Kwa miaka mingi aibu ilikuwa nyingi katika nchi hii, tena ya kutosha kujaza ghala, na mimba hazikukoma. Zilikwenda shambani, zikaenda kwa waganga wa kutoa mimba kwa vijiti. Tena nilimkumbusha yule kijana wa bodaboda tuliyemfahamu sote, aliyeanguka amelewa akavunjika mguu. Alifungwa plasta hospitalini, na hakuna aliyesema plasta itawashawishi vijana wengine walewe. Ulevi wake alisemezwa baadaye, na baba yake, mguu ukiwa umeunga. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema mguu na mimba si kitu kimoja. Ni kweli. Mguu ni wa mtu mmoja. Mimba ina wawili ndani yake, na wa pili hakuwahi hata kupata nafasi ya kukosa haya.

Mwaka 2018 bibi mmoja jirani yangu alipiga hodi jioni. Alisalimia, akakaa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja unisaidie kalamu." Mjukuu wake wa miaka 16, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa na mimba ya miezi sita. Walikuwa wamekwenda zahanati mara mbili. Mara zote mbili waliambiwa waje na mwenzi wa binti, na kama hayupo walete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kwamba hayupo.

Nieleze kwa wasiojua. Utaratibu wa kuwataka wanaume waende kliniki pamoja na wake zao ulianza kwa nia njema kabisa, wapimwe virusi vya Ukimwi wote wawili na wapewe ushauri pamoja. Wanaume wetu walihitaji kusukumwa. Lakini utaratibu uliotungwa kwa ajili ya mume mvivu, ukifika kwa binti asiye na mume, hugeuka ukuta. Na barua ambayo wakubwa huiona ni karatasi tu, kwake yeye ni kutangazwa sokoni.

Tulikwenda kesho yake, bibi, binti na mimi. Mwenyekiti alikuwa chini ya mwembe anacheza bao na wanaume wanne. Aliniamkia kwa adabu, nikamwomba tuzungumze pembeni. "Hapa hapa tu, Mwalimu, hawa ni wenzetu," akasema. Nilipomweleza, alimtazama binti akauliza, "Mwenye mzigo ni nani?" Binti akatazama chini. Akauliza tena kwa sauti ya juu zaidi, na mmoja wa wale wachezaji akacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, barua inauliza kama ana mume, na jibu ni hana. Swali lako halimo katika barua." Aliandika, akagonga muhuri, akaomba shilingi elfu mbili za wino. Nililipa. Binti hakusema neno njia nzima, ila tulipofika kwenye kivuko aliniuliza, "Babu, kumbe hata nisingemtaja ingewezekana?" Maana mwezi mzima alikuwa amezuiliwa na swali ambalo hakupaswa kuulizwa.

Siku alipopimwa kwa mara ya kwanza shinikizo la damu lilikuwa juu, na muuguzi, ambaye lazima nimsifu kwa hilo, hakungoja. Alimpeleka hospitali ya wilaya siku ile ile. Baada ya wiki chache alijifungua kwa upasuaji kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto alikuwa na kilo 1.9. Wote wawili wapo, na mtoto ameanza shule. Lakini mimi hubaki nikiwaza juu ya zile mara mbili alizorudishwa. Kama bibi yake angekuwa hana jirani mwenye kalamu, je?

Wazee wetu, pamoja na mapungufu yao, walijua jambo moja tulilolisahau. Walijua kwamba binti hawezi kumwambia baba yake habari za mwili wake, na mara nyingi hata mama hawezi. Kwa hiyo waliweka mtu wa tatu. Huku kwetu Pwani na Morogoro, na kusini kwa Wamakonde na Wayao, mwali alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke mzima ambaye hakuwa mzazi wala hakimu. Kwake aliuliza yote. Kwake alilia. Sisemi kwamba unyago ulikuwa bustani ya heri. Ngoma hiyo hiyo ilimtoa mwali wa miaka 13 na kumkabidhi kwa mume wa miaka 30, na sitaki irudi hivyo. Nasema kwamba tuliuondoa mkeka wa kungwi bila kuweka kiti mahali pake. Leo binti mwenye mimba amezungukwa na watu ambao kila mmoja wao ana mamlaka ya kumwadhibu. Baba atampiga. Mwalimu atamwandika. Muuguzi atamuuliza mume. Mwenyekiti atamuuliza mwenye mzigo. Halafu tunasema hawasemi.

Hapa nafika penye ugumu, na sitajifanya kwamba pana wepesi. Tangu mwaka 1998 sheria yetu ya makosa ya kujamiiana inahesabu kumwingilia msichana asiyefikia miaka 18 kuwa ni kubaka, hata kama alikubali, isipokuwa akiwa mke wa mwanamume huyo. Na tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria hizi ni nzuri kwa shabaha yake. Kuna wanaume watu wazima, wengine wenye wake na heshima mtaani, ambao wamestahili kila mwaka wa miaka hiyo. Lakini mimba ndiyo ushahidi, na ushahidi umo tumboni mwa binti. Basi ukoo wa mwanamume huja usiku na bahasha, na ukoo wa binti, ambao ni maskini, huipokea. Binti hufundishwa kusema "simjui, nilikutana naye mnadani." Au hupelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Njia ya uhakika ya kuuficha ushahidi ni kumzuia asiende kliniki. Hivyo sheria iliyotungwa kumlinda humfungia mlango, na mvulana wa miaka 17 wa kidato cha tatu hutoroka kijijini kwa hofu ile ile, akiwa bado anajua kutatua milinganyo.

Mtu mwepesi atasema: basi muuguzi asiulize chochote, atibu tu. Nami kwa muda fulani nilifikiri kwamba jibu ni hilo, meza ya muuguzi isiwe meza ya askari. Lakini fikiri juu ya binti wa miaka 13 aliyepewa mimba na mjomba wanayeishi naye nyumba moja. Akitibiwa kimya kimya, akapewa vidonge na chandarua, jioni anarudi kulala wapi? Kimya cha muuguzi hapo si usiri. Ni kumrudisha mbuzi zizini kwa chui. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kuuliza ni vibaya. Naona tu kwamba kuna kuuliza ili kumkamata mtu na kuna kuuliza ili kumwokoa, na binti hutambua tofauti yake upesi, kabla hata ya swali kwisha. Tena naona kwamba lipo la kwanza na lipo la pili. Pima damu kwanza. Pima shinikizo. Mpe kadi yake mkononi, iwe yake, isiwe rehani ya jina la mwanamume. Baada ya hapo, siku hiyo au siku ya tatu, uliza. Akikataa kutaja, huduma iendelee kama kwamba ametaja.

Mkunga mmoja mstaafu, aliyefanya kazi zaidi ya miaka 30 katika vituo vya vijijini, alinieleza alivyokuwa akifanya, na tangu hapo sijasikia maelezo yaliyo bora zaidi. Binti akija na mama au shangazi, alimpokea kwenye benchi lile lile la wajawazito wengine, bila kumtenga wala kumtanguliza, maana vyote viwili humwonyesha kidole. Ukifika wakati wa kumpima alimtuma yule mkubwa nje akachukue maji ya kunywa, na kata ya maji aliiweka mbali kwa makusudi. Wakiwa peke yao hakumuuliza nani amefanya. Aliuliza, "Mwanangu, unapolala usiku, pana amani?" Wengi walisema ndiyo, na aliendelea na kazi yake. Wachache walinyamaza, na mkunga alinyamaza nao, akiendelea kumfunga kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu mkononi, polepole, akakifungua, akakifunga tena kana kwamba hakikukaa sawa, mpaka binti alipoanza kusema.

Nilimuuliza alifanya nini na hao wachache. Alisema wengine aliwalaza wodini kwa kisingizio cha damu kidogo, mpaka shangazi wa kuaminika alipopatikana au ustawi wa jamii walipokuja. Wawili aliwapeleka polisi yeye mwenyewe, kwa miguu yake, baada ya wao kukubali. Na wapo, alisema, waliokataa kila kitu, akawaandikia tarehe ya kurudi na kuwasindikiza hadi barabarani. Baadhi yao walirudi.